Mama akikimbia kipigo, mtoto anabaki na nani? Historia ya sheria yetu ya malezi

Uzi huu ni mrefu. Chemsha chai kwanza.

Kila mwanamke akiuawa nyumbani kwake na habari ikasambaa, mjadala wetu hufuata njia ile ile. Siku ya kwanza watu wanauliza kwa nini hakuondoka mapema. Siku ya pili mtu anajibu: alikuwa na watoto. Siku ya tatu wanaume wanakuja na malalamiko yao, kwamba mahakama za Kenya humpa mama mtoto bila hata kuuliza, na kwamba siku hizi ukitaka kumnyima baba watoto unapita tu kituoni kusema amekupiga. Siku ya nne wanasiasa wanaingia, kila mmoja na mswada wake mfukoni. Kufikia Jumapili tumehamia mada nyingine.

Sitataja chama wala mtu. Wote wamewahi kuwa serikalini, wote wamewahi kuwa upinzani, na hakuna upande wenye mikono misafi hapa. Nataka tufuate swali moja tu: nyumba ikiwa na kipigo, sheria yetu humpa nani mtoto, na ilianzaje kufikiri hivyo? Kwa sababu pande zote mbili huongea kana kwamba sheria hii ilitungwa juzi. Sehemu yake ni ya kabla reli haijafika Nairobi.

Tuanze kwa wazee wetu.

Nchi hii ina jamii zaidi ya 40 na siwezi kuzisemea zote kwa pumzi moja. Lakini katika nyingi ya zile zinazofuata ukoo wa baba, mahari ndiyo iliyoamua. Mahari ikishatolewa, watoto ni wa ukoo wa baba. Si wa baba kama mtu binafsi, ni wa ukoo. Hata akifa, hata akiwa mlevi wa kutupwa, watoto wana boma lao pale.

Kipigo je? Wale wanaosema mila zetu zilibariki kipigo, basi, wanasema nusu. Mwanamke aliyezidiwa alikuwa na pa kwenda: kwao. Akisharudi kwao, mume alipaswa kumfuata, akae chini mbele ya wazee, ajieleze, na mara nyingi atoe kitu ndipo aruhusiwe kuondoka naye. Hiyo ilikuwa kesi kamili, yenye mashahidi na faini. Lakini angalia kesi yenyewe ilihusu nini. Ilikuwa ugomvi wa familia mbili kuhusu mke. Mtoto hakuwa na kiti pale. Wa kunyonya alienda na mama hadi aachishwe ziwa, wale wengine wakabaki kwa baba yao. Ndiyo maana nyanya zetu wengi walirudi kwa waume waliowapiga. Hakuna aliyewafunga kamba. Watoto walikuwa upande ule.

Pwani mambo yalikuwa na sura nyingine. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi kwenye mwambao wetu, mama ndiye mwenye hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo. Mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, kama miaka 7 hivi, huulizwa anataka kukaa na nani. Baba anabaki kuwa walii na mtoaji wa masurufu. Lakini mama akiolewa na mwanamume asiye jamaa wa mtoto, hadhana humponyoka. Liweke akilini hilo la kuolewa tena, tutakutana nalo huko mbele, katika mahakama ambayo si ya kadhi.

Sasa Waingereza.

Utauliza, Mkenya wa leo anahusika vipi na Uingereza ya karne ya 19? Anahusika kwa tarehe moja: 12 Agosti 1897. Sheria yetu ya mahakama ya mwaka 1967 inasema kwamba pale ambapo hatuna sheria yetu wenyewe, mahakama zetu zinaweza kutumia sheria za jumla za Uingereza zilizokuwa zikitumika siku hiyo, mradi zinafaa mazingira ya huku. Kwa hivyo yale ambayo mahakimu wa London walikuwa wameamini kuhusu baba, mama na mtoto kufikia siku hiyo yalishuka bandarini pamoja na mizigo mingine.

Na waliamini nini? Mwaka 1804 kuna mama alimkimbia mumewe kwa sababu ya ukatili wake. Alikuwa na mtoto wa miezi 8. Baba akaja, akamnyakua mtoto ambaye bado alikuwa ananyonya, akaenda naye. Mama akakimbilia mahakamani. Jibu alilopewa ni kwamba kisheria mtoto ni wa baba, na mahakama ingeingilia tu kama baba angeitumia haki hiyo vibaya kwa kumdhuru mtoto mwenyewe. Mtoto hakuonekana amedhurika. Mama hakurudishiwa.

Soma tena hiyo. Ukatili uliomfanya mama akimbie haukuwa jambo la mtoto. Ulikuwa mambo ya mke na mume. Nikiambiwa nichague sentensi moja iliyoishi muda mrefu kuliko zote katika sheria ya malezi, nitachagua hii: baba anampiga mama, lakini kwa mtoto hana neno.

Aliyeanza kuitikisa alikuwa mwandishi, Caroline Norton. Aliolewa mwaka 1827, akapigwa, na mwaka 1836 ndoa ilipovunjika mume akawachukua wavulana wao watatu akawaficha. Mume huyo huyo akamshtaki waziri mkuu wa wakati huo kwa kuzini na mkewe. Alishindwa kesi, lakini jina la mwanamke likawa limeshachafuka mji mzima. Norton akashika kalamu. Aliandika vijitabu, akawabembeleza wabunge, akawaaibisha wengine, na mwaka 1839 Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya Kiingereza iliyompa mama aliyeolewa nafasi ya kuomba kukaa na watoto wake walio chini ya miaka 7. Masharti: awe hajathibitika kuzini. Kwa Norton mwenyewe msaada ulichelewa. Mwaka 1842 mwanawe mdogo, William, alianguka kutoka kwa farasi akafa.

Hiyo miaka 7 ndiyo mbegu ya ile kanuni mnayoilalamikia kila siku, kwamba mtoto mdogo ni wa mama. Haikuanza kama upendeleo kwa wanawake. Ilianza kama mwanya mdogo sana kwenye ukuta ambao wote ulikuwa wa baba.

Mwaka 1873 umri ulipandishwa hadi 16. Halafu ukaja 1878, mwaka ambao kwa maoni yangu hautajwi vya kutosha. Kwa mara ya kwanza sheria ya Kiingereza iliunganisha kipigo na malezi kwa maneno yaliyo wazi: mume akitiwa hatiani kwa kumshambulia mkewe vibaya, hakimu angeweza kuamuru watengane na kumpa mke watoto walio chini ya miaka 10. Hatua kubwa. Lakini soma masharti yake. Kwanza, mpaka mume ahukumiwe. Pili, mke akithibitika amezini, watoto hapewi, hata kama amevunjwa mbavu. Kipigo kiliwekwa kwenye mizani, na upande wa pili wa mizani wakaweka tabia ya aliyepigwa. Mwaka 1886 sheria nyingine ikaongeza neno ambalo leo kila wakili analiimba, maslahi ya mtoto, likiwa bega kwa bega na mwenendo wa wazazi.

Mzigo huo ndio uliotufikia. Na ulipofika haukugawiwa watu wote sawa. Mzungu na mwenye ndoa ya kisheria aliendea mahakama zilizotumia sheria ya Kiingereza, Mwislamu alienda kwa kadhi, na Mwafrika wa kawaida alipelekwa kwenye mahakama za wenyeji zilizotumia mila, au tuseme mila kama ilivyoelezwa na wazee wanaume waliokubalika na mkuu wa wilaya. Huo ni mchujo pia. Hakuna mahali nimewahi kusoma kwamba nyanya zetu waliitwa kueleza mila inasemaje kuhusu wao.

Karibu na uhuru zikaja sheria mbili za mwaka 1959. Moja, Sura ya 144, ilihusu ulezi wa watoto na ilisema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na kwamba baba hana haki kubwa kuliko mama kwa sababu tu ni baba. Ya pili ilimruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto alipe matunzo. Ya kwanza ilikaa hadi kizazi chetu. Ya pili? Bunge letu wenyewe, la nchi huru, liliifuta mwaka 1969. Hoja zilizotolewa ukizisikia leo utadhani zimetoka kwenye simu yako: wasichana wanaitumia kama mtaji, wanatega wanaume wenye mishahara. Baada ya hapo mama asiyeolewa alikaa bila sheria ya namna hiyo hadi Sheria ya Watoto ilipoanza kutumika Machi 2002. Miaka 33 hivi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ile sheria inafutwa alikuwa tayari mzazi.

Wakati huo huo tume iliyoundwa mwaka 1967 ilikuwa imependekeza sheria moja ya ndoa kwa Wakenya wote. Mswada ulifika Bungeni mwaka 1976 ukaangushwa. Ukarudi 1979 ukaangushwa tena. Moja ya mambo yaliyowakera wabunge ni kwamba mswada ungemzuia mume kumchapa mkewe. Walisimama Bungeni, na Hansadi ikiandika, wakasema hiyo ni kuwanyang'anya wanaume haki ya kuwafunza wake zao adabu. Sheria moja ya ndoa tuliipata mwaka 2014. Hesabu mwenyewe.

Nimekaa hapo kidogo kwa makusudi. Ukikosa sheria inayosema kipigo ni kosa ndani ya ndoa, hakimu wa malezi ana nini cha kushika? Ukatili ulikuwa sababu ya talaka, ndiyo, na hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inautaja, ukatili wa mwili au wa akili, kwa mwenzi au kwa watoto. Lakini talaka ni talaka. Ukishamaliza kuthibitisha kwamba uliteswa, swali la watoto linafunguliwa upya, na mizani yake ni mingine.

Hiyo mizani nyingine ilichongwa na majaji. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Kenya, ilishikilia kwamba mtoto mdogo akae na mama isipokuwa kuna sababu za kipekee. Mahakama zetu zimeirudia kanuni hiyo mara nyingi sana tangu hapo. Hapa ndipo wale wa siku ya tatu wanapata nguvu, na kwa haki yao, hawajaizua. Kanuni ipo. Swali ni hizo sababu za kipekee ni zipi.

Mwaka 2016, katika kesi ambayo wahusika wanatambulishwa kwa herufi tu ili kumlinda mtoto, Mahakama ya Rufaa ilizitaja. Mama akiwa hajatulia. Mama akiwa amepata mume mwingine. Mama akiwa anaishi mahali palipo katika hali mbaya. Au mama akiwa na mwenendo wa aibu.

Umeona mume mwingine? Ni hadhana ya Pwani imekuja bila kanzu. Umeona mwenendo wa aibu? Ni 1839 na 1878. Lakini mimi hizo si shida yangu kubwa. Shida yangu ni mbili zile, hajatulia na anaishi mahali pabaya.

Chukua mfano. Ni wa kubuni, si kesi ya mtu. Mama anaishi na mume na watoto wawili, nyumba ya vyumba vitatu, kodi analipa mume. Usiku mmoja anapigwa mpaka majirani wanaamka. Saa tisa usiku anatoka na watoto na begi moja, anaenda kwa dadake, chumba kimoja, bafu la nje, watu sita wote pamoja. Kibarua alichokuwa nacho kilikuwa karibu na nyumba ya zamani, kwa hivyo kimeisha. Mtoto mkubwa hajaenda shule wiki tatu. Baba anaenda Mahakama ya Watoto akiwa na wakili. Hakimu anaagiza ripoti ya afisa wa watoto. Afisa, ambaye ni mtu mwaminifu na ana mafaili mengi mezani, anatembelea nyumba zote mbili. Ya baba: vyumba vitatu, kitanda cha kila mtoto, shule iko umbali wa kutembea. Ya mama: chumba kimoja, watu sita, hana kazi, mtoto haendi shule. Anaandika alichokiona.

Hakuna neno la uongo katika ripoti hiyo. Na kila kasoro iliyoandikwa upande wa mama imesababishwa na usiku ule mmoja.

Ndiyo maana nasema 1804 haijaisha. Kumpiga mama bado kunaweza kuhesabiwa kuwa mambo ya mke na mume. Kukimbia kwa mama kunahesabiwa kuwa jambo la mtoto.

Haya, turudi kwenye sheria zilizoandikwa, kwa sababu kuna hatua kweli zimepigwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Sheria ya Watoto ya 2001 ikaweka maslahi ya mtoto juu, na ikamtaka hakimu wa malezi aangalie, pamoja na mengine, kama mtoto amepata madhara au yuko hatarini kuyapata. Neno "madhara" ndilo mlango. Wakili mzuri anaweza kupitisha kipigo cha mama hapo, aseme mtoto anayelala akisikia mamake akilia tayari ameumia. Lakini mlango huo hausemi hivyo wenyewe. Lazima mtu ausukume, na mara nyingi mwenye kupigwa ndiye asiye na wakili.

Sheria hiyo ya 2001 ilikuwa na kichekesho chake. Wazazi wasiooana, jukumu la mtoto lilianza kwa mama peke yake. Wengine walisema hiyo ni kumpa mama nguvu. Wanawake waliokuwa wakilea peke yao waliona ni kumtwika mzigo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa kwamba huo ni ubaguzi. Ikaja Katiba ya 2010, kifungu cha 53: kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la, na maslahi bora ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikageuka, ikasema vifungu vile vinapingana na Katiba.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 29, inasema hakuna mtu atakayetendewa ukatili, uwe wa serikali au wa mtu binafsi. Hilo la mtu binafsi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Lina maana chumba cha kulala kimo ndani ya Katiba.

Na mwaka 2015, baada ya miswada kuzunguka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, tukapata Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Inatambua kwamba dhuluma si ngumi tu. Kuna kumnyima mtu pesa kwa makusudi, kumwinda, kumtisha, kumtweza kila siku. Inampa aliyedhulumiwa njia ya kuomba amri ya ulinzi, na inampa polisi wajibu wa kumsaidia mlalamishi kupata pa kujisitiri na matibabu. Ninyi mliowahi kusimama mbele ya meza ya polisi usiku mnajua tofauti kati ya wajibu huo na "rudi nyumbani mkaongee, haya ni mambo ya familia."

Kisha Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo na kuifuta ile ya 2001. Hii inasema bila kumung'unya maneno kwamba wazazi wana jukumu sawa na hakuna mwenye haki ya juu kuliko mwenzake. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa akiahidi kuleta sheria ya usawa wa baba na mama kwa mtoto, mwambie ipo. Mawakili sasa wanabishana ile kanuni ya mtoto mdogo ni wa mama imebaki na pumzi kiasi gani. Majaji nao hawaongei kwa sauti moja.

Usawa ni jambo jema. Lakini usawa una kipofu chake. Ukianza na wazazi wawili walio sawa, halafu ukauliza nani ana nyumba nzuri, nani ana kazi, nani ametulia, mwenye kupiga anaingia kesi akiwa mbele, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na nyumba. Sheria ya 2022 imebeba lile neno "madhara" na kumwachia hakimu apime. Haijamwambia hakimu kwamba kipigo kikithibitishwa, kianze nacho kabla ya kuhesabu vyumba.

Kwingine walijibu vipi? New Zealand walijibu baada ya msiba. Mwaka 1994, mjini Whanganui, baba aliyekuwa ameachiwa watoto kwa muda na mahakama, katikati ya mvutano na mama yao, aliwaua mabinti wake watatu kisha akajiua. Mama alikuwa ameshaeleza ukatili wake. Mwaka uliofuata walibadilisha sheria: mzazi akithibitika kutumia nguvu dhidi ya mtoto au mzazi mwenzake, hapewi mtoto, wala kukaa naye bila msimamizi, mpaka yeye aionyeshe mahakama kwamba mtoto atakuwa salama. Miaka karibu 20 baadaye kifungu hicho kiliandikwa upya, na huko bado wanabishana kama walifanya vizuri. Kilichonigusa mimi ni upande ambao mzigo uliwekwa. Si aliyekimbia aeleze kwa nini anaishi chumba kimoja. Ni aliyepiga aeleze kwa nini aaminiwe.

Na Uingereza yenyewe, walimu wetu? Mwaka 2021 walitunga sheria inayosema mtoto anayeona, kusikia au kuishi na athari za dhuluma dhidi ya mzazi wake ni mwathiriwa mwenyewe. Kutoka kwa yule mtoto wa miezi 8 wa mwaka 1804 hadi hapo ni miaka 217. Wao wameshauacha ule mzigo. Sisi bado tunaufungua.

Najua swali linalokuja, kwa hivyo nilijibu kabla halijaandikwa. Na wanaodanganya?

Wapo. Mahakama za familia zimejaa watu wenye hasira, na mtu mwenye hasira husema mengi. Ndiyo sababu ya kutaka uthibitisho. Lakini ukiangalia uthibitisho wenyewe utaona shida iko upande gani. Unahitaji namba ya OB. Unahitaji fomu ya P3 iliyojazwa na daktari wakati majeraha bado yapo. Unahitaji jirani atakayekubali kuja kortini. Aliyepigwa miaka 6 na kuambiwa na chifu, na mchungaji, na mama mkwe, kwamba haya yaishie nyumbani, hana hata karatasi moja kati ya hizo. Alitii ushauri wa kila mtu, na sasa utii wake unasomwa kama ushahidi kwamha hakupigwa. Kwa kila uongo mmoja unaosikika mitandaoni, fikiria ni kweli ngapi ambazo hazikuwahi kuingia kwenye kitabu cha polisi.

Na wanaume wanaopigwa? Nao wapo, na si wachache kama tunavyocheka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulipata asilimia 34 ya wanawake wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili tangu wafike miaka 15, na wanaume asilimia 27. Hiyo ni ya mtu yeyote kuwapiga, si lazima mwenzi wa nyumbani, kwa hivyo msiibebe vibaya. Lakini sheria ya 2015 haikuandikwa kwa jinsia moja. Baba anayetoka na watoto usiku kukimbia mke mwenye panga anakutana na chumba kimoja kile kile, ripoti ile ile, na juu yake ile kanuni ya mtoto mdogo na mama. Yeye ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kutaka kipigo kipewe uzito katika kesi ya malezi. Ajabu ni kwamba wanaopiga kelele kwa jina lake wanataka kinyume.

Januari 2024 wanawake walijaa barabarani katika miji yetu kupinga mauaji. Wanasiasa wa kila rangi walitoa taarifa. Adhabu kali zikatajwa, vitengo maalum vikatajwa. Sikusikia aliyetaja Mahakama ya Watoto. Na ukiwauliza wanawake waliobaki katika nyumba hatari kwa nini hawakutoka, wengi hawatakutajia jela. Watakuambia waliogopa kumpoteza mtoto.

Rudi kwenye mfano wetu. Baada ya usiku ule, tuseme mama alijikaza akaenda kituoni na hospitali. Kesi ya kushambuliwa iko mahakama ya jinai, mwendesha mashtaka anaomba tarehe nyingine kwa sababu daktari hakufika. Ombi la amri ya ulinzi liko mbele ya hakimu mwingine. Kesi ya malezi iko Mahakama ya Watoto. Mafaili matatu, huenda jengo moja, na P3 imo katika faili la kwanza tu. Siku ya kesi ya malezi inatajwa, hakimu anafungua faili la tatu. Ndani yake kuna ripoti ya afisa, na ripoti inaanza na hesabu ya vyumba.